Ukuta wa Magodoro

Mmeniomba niwaandikie jinsi tulivyokuwa tukifundisha michezo kabla nyinyi makocha wapya hamjafika, na nimekubali kwa sababu sanduku langu limeshafungwa na sina la kufanya mpaka nipande ndege. Mimi si mtu wa kutulia. Nilizaliwa Wundanyi kwenye milima ya Taita, nikacheza voliboli Mombasa, nikafundisha michezo katika shule za Voi na Kitale, nikakaa Kampala kidogo, na kila nilikofika nilianza kukukumbuka nilikotoka. Cheti changu ni cha kidato cha nne. Vile vya ukocha nilivipata baadaye, kimoja kimoja. Saudia ndiko nilikodumu kuliko kwingine kote, na sababu yake nadhani ni mshangao. Kila mwaka nilisema sasa naondoka, na kila mwaka kilitokea kitu ambacho mwaka uliotangulia mtu angekitaja watu wangemcheka.

Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vilikuja bila kuniuliza na mishahara iliondoka bila kuniaga.

Mkataba wangu wa kwanza ulisema kocha wa voliboli, chuo cha wasichana, Jeddah. Aliyenipokea langoni ni Madam Ibtisam, Mmisri aliyewahi kucheza mpira wa mikono ujanani, mwanamke mfupi mwenye nywele za mvi zilizokatwa kama za mvulana na sauti ya mtu aliyezoea kuita mabasi. Alikuwa ameendesha michezo ya chuo kile peke yake kwa miaka mingi. Nilikuwa nimevaa raba zangu mpya na nilimuuliza uwanja uko upande gani.

"Uwanja," alisema, akilionja neno lenyewe. "Njoo nikuonyeshe uwanja."

Alinipeleka mpaka kwenye mlango mpana wa mbao, akausukuma. Ulikuwa ukumbi wa mahafali. Zulia lilikuwa limekunjwa pembeni, sakafu ilikuwa ya marumaru, na katikati palijaa viti vya rangi ya dhahabu vyenye mito myekundu, kama vya harusi. Juu yake ilining'inia taa ya vioo yenye ukubwa wa gari dogo.

"Kwanza tunaondoa viti," alisema.

"Vipi?"

"Vyote."

Tukaondoa viti. Baadaye nilikuja kujua kwamba hilo ndilo lilikuwa zoezi letu la kupasha misuli moto, kila siku, wachezaji wote, wawili wawili. Tulipomaliza niliitazama ile taa.

"Na mpira ukipanda, madam?"

"Haupandi."

"Lakini ukipanda?"

"Basi wewe utarudi Kenya, mimi nitarudi Misri, na taa itabaki hapa sakafuni."

Ndiyo maana timu yangu ya kwanza ya voliboli ilicheza mpira wa chini kuliko timu yoyote niliyopata kuiona. Makocha wa vyuo vingine walidhani ni mbinu. Sikuwasahihisha.

Lakini kitu cha ajabu zaidi kilikuwa kwenye ncha mbili za ule ukumbi. Ibtisam alikuwa amesimamisha magodoro ya sponji ukutani, yale ya bei rahisi yenye maua, akayafunga kwa kamba za kuanikia nguo kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Aliyapiga kofi, vumbi likaruka.

"Hapa ndipo dunia inapoishia," alisema. "Tazama."

Akaenda upande wa pili, akavua viatu, akaja mbio. Alikuwa na umri wa bibi, lakini alikuja kweli. Hatua chache kabla ya ukuta aliegemea nyuma, akafupisha hatua, akageuza bega la kushoto na kuligongesha kwenye godoro. Puu. Akasimama pale akihema, ametosheka.

"Kuna msichana alivunjika mfupa wa bega kabla sijayaweka haya," alisema. "Kwa hiyo hapa kocha hafundishi kukimbia. Kukimbia watajifunza wenyewe. Wewe utafundisha kusimama. Yalla, zamu yako."

Nikakimbia, nikageuza bega, puu. Mtoto wa Taita niliyekua nikiteremka mlima kwenda shule bila kujua breki ni nini, nilijifunza kusimama nikiwa mtu mzima. Tangu siku hiyo kila darasa la mbio nilianza kwa kuwaonyesha wasichana lile bega, na kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwetu alilijua kabla ya kujua chochote kingine.

Filimbi haikuwepo. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na barabara na duka la vipuri vya magari, na mkuu wa chuo, Daktura Nawal, mama mpole aliyeishi akiogopa malalamiko, hakutaka filimbi isikike ikitoka kwenye jengo la wasichana. Tulitumia kifuniko cha sufuria na mwiko. Pigo moja, anza. Mawili, simama. Vijiti vya mbio za kupokezana tulivikata kutoka kwenye bomba la maji. Umbali tulipima kwa utepe wa fundi cherehani. Mkataba ulisema voliboli, lakini kabla ya wiki kwisha nilikuwa pia kocha wa basketiboli, tenisi ya meza, mpira wa mikono na badminton. Badminton ilikuwa na shida yake: kiyoyozi kilikuwa upande mmoja, na kile kinyoya kilifuata upepo. Aliyecheza upande wa kiyoyozi alishinda. Tulibadilishana upande mara nyingi mpaka wasichana wakaacha kuuliza nani ni hodari, wakawa wanauliza nani amekaa wapi.

Nilipanga chumba mtaa wa Al-Baghdadiyah pamoja na Salma, muuguzi wa zahanati ya chuo, mzaliwa wa Unguja, mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi wa sindano. Jioni nilikuwa nikirudi nimechubuka bega.

"Mkamburi, wewe umeletwa kufundisha au kupigwa?" aliniuliza mara ya kwanza.

"Nafundisha kugonga ukuta."

"Haya. Na mie huko kwetu nilidhani ukuta mtu hafundishwi."

Msichana aliyenifanya nibaki alifika katika mwaka wangu wa pili. Jina lake Hanadi, mwembamba, mkimya, kutoka mtaa wa Ruwais, mtoto wa pekee wa dereva wa lori aliyekuwa na lori lake mwenyewe na kubeba mizigo kati ya bandari ya Jeddah na maghala ya Al-Sulay kule Riyadh. Wenzake walitundika abaya zao kwenye misumari na kuanza kupiga gumzo. Yeye alitundika ya kwake akaenda moja kwa moja mwisho wa ukumbi, akasubiri mlio wa kifuniko. Nilipopiga, nilisahau kutazama wengine.

Sijui niwaelezeje. Mtajifunza wenyewe siku mtakapompata wenu. Kuna watu wanakimbia kwa bidii na kuna watu ambao ardhi yenyewe huwasaidia. Alifika kwenye godoro kwa kasi mno hata kamba moja ikakatika.

"Umejifunzia wapi?" nilimuuliza.

"Juu ya paa, abla," alijibu, kwa neno lao la kumwita mwalimu wa kike. "Nyumbani. Kati ya matangi ya maji."

"Na kuna nafasi?"

"Kwenda na kurudi. Nikiwa mdogo nilikuwa naona mtaa. Sasa kuna ukuta."

Alisema hivyo bila kinyongo, kama mtu anayekuambia rangi ya nyumba yao. Akatazama lile godoro lililolegea. "Abla, naweza tena?"

Aliweza tena, na tena. Alipomaliza masomo ya siku alibaki kufunga kamba za magodoro, akinisaidia kuwasahihisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nyonga chini. Mikono isivuke kifua. Bega la kushoto. Ibtisam alinong'ona, "Huyu si mkimbiaji tu. Huyu ni kocha. Tazama anavyowakasirikia."

Kisha mambo yakaanza kubadilika, na nyinyi mliokuja baadaye hamwezi kujua yalivyotushtua. Yalitangazwa jioni, na asubuhi tulikuwa tukikutana langoni tukitazamana kama watu walioota ndoto moja. Wanawake wataingia viwanjani. Wanawake wataendesha magari. Michezo itafundishwa katika shule za wasichana. Ibtisam alipata leseni mapema kuliko wengi, akanipitisha Corniche, barabara ya ufukweni, kwa gari lake, ameushika usukani kwa mikono miwili kana kwamba gari litamkimbia, akaliegesha katikati ya nafasi mbili.

"Madam, umechukua nafasi ya watu wawili."

"Nimesubiri miaka ya watu wawili," alisema, akazima injini, na tukabaki mle ndani muda mrefu bila kushuka.

Siku nyingine Daktura Nawal aliingia ukumbini wakati wa mazoezi, akakohoa, akasema kuanzia leo mnaweza kutumia filimbi. Ibtisam alikwenda kwenye droo yake akatoa filimbi ya chuma aliyokuja nayo kutoka Aleksandria alipokuwa msichana. Aliifuta kwa kanga niliyompa, akaipiga. Mlio ulijaa ukumbi mzima na vioo vya ile taa vikalia. Wasichana wote walisimama. Hakuna aliyejua filimbi inamaanisha nini. Walikuwa wakisubiri kifuniko cha sufuria.

Mwaka huo huo ilikuja habari ya mashindano ya wazi ya vyuo vya wasichana, Riyadh, kwenye uwanja wa kweli wenye njia za kukimbilia, na jukwaa la familia ambako akina baba na kaka wangeweza kukaa. Pamoja nayo ikaja nafasi moja ya mafunzo ya ukocha, kwa mhitimu wa chuo chetu, miezi mingi hukohuko Riyadh. Daktura alimtaja Hanadi kabla mimi sijafungua mdomo.

Kikwazo kilikuwa baba yake. Abu Hanadi hakuwa mtu mkali. Alipokuwa akija kumchukua binti yake alisimama mbali na lango, ameegemea gari, akaniamkia kwa heshima. Lakini hilo la mafunzo alilijibu mara moja tu, na Hanadi akanirudishia neno kwa neno.

"Amesema: nimekuruhusu kitu nisichokijua kwa sababu kiko ndani ya kuta. Sasa kinatoka nje. Nitakuja Riyadh nikione kwa macho yangu. Nikikielewa, utakwenda. Nisipokielewa, halas, utarudi nyumbani na hatutalizungumza tena."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema aje." Alikuwa akivuta kamba ya godoro kwa nguvu. "Abla, nikikimbia vizuri ataelewa. Kila mtu anaelewa mtu akikimbia vizuri."

Tulisafiri kwa basi, wasichana wakiimba mpaka Taif na kulala kuanzia hapo. Salma alikuja na sanduku lake la dawa. Asubuhi tulipoingia kwenye ule uwanja, wasichana walishikana mikono. Mlango wa chini ulifunguka na mbele yetu kulikuwa na rangi nyekundu ya njia za kukimbilia, nyasi, na mbingu. Hanadi aliinama akagusa ardhi kwa kiganja. Mwenzake mmoja aliuliza kwa sauti ndogo, "Inaishia wapi?" Ilikuwa inazunguka. Haiishii popote. Badala ya kumjibu nilimwonyesha kona kwa kidole.

Abu Hanadi alikuwa ameshafika. Alikuwa amelaza lori Al-Sulay akaja kwa teksi, kanzu yake ina mikunjo ya safari, ameketi peke yake mwisho wa safu ya chini kabisa.

Mbio za mita mia. Hanadi alitoka kwenye vibao vya kuanzia kama nilivyojua atatoka. Hatua chache tu, na tayari alikuwa mbele, wazi, hana mtu karibu, na mimi nilikuwa nimeshainua mikono. Halafu akaegemea nyuma. Akafupisha hatua. Akageuza bega la kushoto, akaligongesha kwenye hewa, na karibu aanguke.

Wale wengine wakampita wote.

Jukwaa lilicheka. Halikuwa na nia mbaya, ni kicheko cha watu walioona kitu ambacho hawakukitegemea. Alipopata tena mwendo, mbio zilikuwa zimekwisha. Kundi lililofuata lilikuwa na msichana wetu mwingine, naye akafanya vilevile, palepale, kana kwamba kuna mtu aliyesimamisha kioo kisichoonekana. Bega la kushoto. Kicheko kikawa kikubwa zaidi.

"Wamegonga nini?" Salma aliniuliza, amesimama na bandeji mkononi. "Mkamburi, watoto wamegonga nini?"

Ibtisam alikuwa amekaa chini kwenye nyasi, ameshika kichwa. "Ukumbi," alisema. "Wameuleta ukumbi."

Niliinua macho kwenye jukwaa. Abu Hanadi hakuwa akicheka. Alikuwa ameinamia mbele, viwiko juu ya magoti, akimtazama binti yake kama mtu anayesikiliza lugha asiyoijua.

Zilikuwa zimebaki mbio za kupokezana vijiti, baada ya sala ya alasiri. Hanadi ndiye mkimbiaji wa mwisho. Niliwachukua wasichana wote wanne nyuma ya jukwaa, kwenye kipande cha kupashia misuli moto. Niliwaambia wasisimame. Walisema ndiyo, abla. Wakakimbia, na kila mmoja akasimama mahali palepale. Niliwaambia wafumbe macho. Ikawa mbaya zaidi. Hanadi alianza kulia kwa hasira, akipiga paja lake kwa ngumi.

"Si mimi," alisema. "Abla, ni mguu. Mguu unajua kabla yangu."

Hapo ndipo nilipowaza kitu ambacho nawaachia nyinyi, kama hamtachukua kingine. Mwili uliojifunza ukuta hauambiwi kwamba ukuta haupo. Inabidi uuone ukiondoka.

Nilikwenda mpaka mahali ambapo magodoro yangekuwa, nikasimama, nikatandaza mikono.

"Mimi ndiye ukuta," nilisema. "Njoo unigonge."

"Nitakuumiza, abla."

"Njoo."

Mara ya kwanza alinigonga kweli. Goti langu la kulia, ambalo lilikuwa tayari na mambo yake tangu siku za Mombasa, lilitoa mlio nilioujua. Salma alitukana Kiunguja. Nikasimama tena, nikatandaza mikono tena, na safari hii alipokaribia nilijitupa pembeni. Bega lake lilianza kugeuka, halikukuta kitu, na hatua mbili zikamtoka mbele bila ruhusa yake. Akasimama akanitazama, mdomo wazi.

"Tena," nikasema, nikarudi nyuma kidogo. Nikawa ukuta, nikatoka njiani. Nikarudi nyuma zaidi, nikawa ukuta, nikatoka. Ibtisam akaelewa, akaenda kuwasimamia wale wengine, kikongwe yule akirukaruka pembeni kama golikipa. Mpaka mwisho nilikuwa nimesimama mbali kabisa, kwenye uzio wa waya, na Hanadi alikuwa akinijia kwa mwendo mzima.

Nyuma yangu, upande wa pili wa uzio, kulikuwa na mtu. Alikuwa Abu Hanadi. Sijui alikuwa pale tangu lini.

"Ya abla," alisema taratibu. "Unamfanya nini binti yangu?"

"Namwondolea ukuta."

"Ukuta upi?"

Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha jikoni: ukumbi, viti, magodoro, bega. Nikamwambia tangu alipoanza hajawahi kukimbia mahali pasipo na mwisho karibu. Kwetu chuoni magodoro, na nyumbani paa.

Alishika waya wa uzio kwa vidole.

"Ule wa paa niliujenga mimi," alisema. "Majirani walikuwa wakimwona akikimbia. Nikapandisha tofali, safu moja. Akakua, nikapandisha nyingine." Alimtazama Hanadi, aliyekuwa akirudi mwanzo wa njia, akitembea na mikono kiunoni. "Hakuwahi kuniambia anauona."

Hakusubiri jibu. Alirudi jukwaani, na nilipomwona tena hakuwa amekaa mwisho wa safu. Alikuwa amesimama usawa wa mstari wa kumalizia.

Mbio za vijiti nitawaambia kama zilivyokuwa. Msichana wetu wa kwanza alianza vizuri, akasitasita kidogo tu, bega likatikisika, akapita. Wa pili alikipokea kijiti vibaya. Wa tatu alikuwa mwoga, akakimbia kwa uoga wake wote na hakusimama. Kijiti kilipomfikia Hanadi tulikuwa nyuma ya timu nyingi. Alikichukua, akaingia kwenye mstari ulionyooka, na mimi nikaacha kupumua, kwa sababu nilipajua mahali penyewe kama ninavyokijua kitanda changu.

Akapapita.

Hakupunguza, hakugeuka. Nilikuwa nimemwona akikimbia kwa miaka, na niligundua hapo kwamba sikuwa nimewahi kuona mwendo wake. Nilikuwa nimeona mwanzo wake tu. Yote yaliyobaki yalikuwa yamekaa ndani akiyabeba kwenda na kurudi, na sasa yalikuwa yakitoka, hatua ndefu kuliko nilizomfundisha, kichwa kimetulia, hata wale waliocheka asubuhi wakasimama bila mtu kuwaambia. Alimpita mmoja, akampita mwingine. Hatukushinda. Alikata mstari nyuma ya wawili.

Lakini hakusimama hapo pia. Aliendelea. Akaingia kona, bado kwa kasi, kijiti mkononi. Msimamizi wa mbio akapiga filimbi, akamfuata hatua chache akipunga mkono, kwa sababu kile kijiti kilikuwa cha mashindano, si kipande chetu cha bomba, na alikihitaji.

"Mwambieni arudi," alimwambia mtu wa kwanza aliyemkuta kwenye uzio. "Mbio zimekwisha."

Mtu huyo alikuwa Abu Hanadi. Alikuwa akimfuata kwa macho upande wa pili wa uwanja, machozi yakishuka kwenye ndevu naye hajishughulishi kuyafuta.

"Mwache," alisema. "Atarudi akichoka."

Hanadi alizunguka uwanja wote. Alipofika mbele ya baba yake akasimama mwenyewe, akihema, akamtazama. Alikuwa na swali usoni na wote tulilijua.

"Hayo mafunzo," Abu Hanadi alisema, "yanaanza lini?"

Baada ya hapo chuo kilifungua tawi Riyadh na nikahamishiwa huko kusimamia michezo yote, na sitawachosha. Kazi ya mkurugenzi wa michezo ni mabasi, ratiba, na simu za akina baba. Nitasema tu kwamba hakuna aliyenisaidia kuliko dereva mmoja wa lori. Vizuizi vya kurukia, nyavu, mikeka, vyote tulivinunua kwenye maghala ya Al-Sulay, na Abu Hanadi alivipakia na kuvileta mwenyewe, akikagua kila kifurushi na kuuliza kitu hiki kinafanya nini. Alitaka kuelewa kila kimoja. Siku alipoleta mkeka mnene wa kuangukia warukaji wa juu, aliubonyeza kwa kidole muda mrefu.

"Huu unalazwa chini?" aliuliza.

"Chini, Abu Hanadi."

"Usiusimamishe," alisema.

Ibtisam alirudi Aleksandria na anaendesha gari vibaya huko pia. Salma bado yuko Jeddah, na akikuta mmoja wenu ana bega lililochubuka atawaambia habari yangu kwa kuongeza chumvi. Goti langu halikupona sawasawa. Ikama yangu, yaani kibali cha ukaazi, ilipokaribia kwisha niliambiwa nafasi yangu itachukuliwa na mtu wa nchi hii, mhitimu wa mafunzo, mwenye uzoefu. Nilijua ni nani kabla hawajataja jina. Mnamjua. Ndiye anayewakasirikia kila asubuhi.

Jana Hanadi alinipeleka uwanjani niage. Kulikuwa na wasichana wapya wa mwaka wa kwanza, wamejipanga mwanzo wa njia, wengine hata kamba za viatu hawajui kuzifunga vizuri. Akapiga filimbi. Wakatoka kwa fujo, mikono huku na huku, makosa matupu. Wakafika mahali pale nilipopajua, wakapita wakicheka, wakaendelea mpaka mwisho na zaidi ya mwisho, wakatawanyika kwenye kona kama ndege.

"Hawajui kulikuwa na kitu," Hanadi alisema.

"Usiwaambie."

"Siwaambii." Kisha akanitazama, akatabasamu, akagusa mkono wangu. "Abla. Bega lako."

Nikajitazama. Nilikuwa nimesimama kando ya njia, mbali na kila kitu, nimeegemea nyuma, na bega langu la kushoto lilikuwa limegeuka.